Ngoma Yenye Uso wa Mlezi Mkuu

Kabla ya kuitwa Nchi Yetu, nchi hiyo ilikuwa na majina mengine sita, na kila moja lilifutwa kwa paredi. Lilipofutwa la sita, wananchi walikuwa wamechoka kuchonga mihuri mipya, wakaamua kuiita hivyo tu, Nchi Yetu, ingawa kwenye hati za ardhi ilikuwa ya mtu mmoja. Mtu huyo aliitwa Mlezi Mkuu, na aliwapenda sana watoto wadogo, kwa kuwa ndio raia pekee waliompungia mkono bila kusukumwa na askari.

Kwa mapenzi hayo aliamuru kila chekechea ipewe ngoma moja nzuri. Wizara ya Malezi na Utulivu ilikaa vikao kwa miezi minane. Ikachagua mti, ikachagua ngozi, ikachagua rangi ya kamba. Siku ya mwisho mjumbe mmoja aliyekuwa anasubiri kupandishwa cheo akapendekeza kwamba ngozi ya kila ngoma ichapwe picha ya uso wa Mlezi Mkuu akitabasamu. Pendekezo likapita bila kupingwa, kama mapendekezo yote ya Nchi Yetu.

Ngoma elfu nne zilipofika ghalani, mtunza ghala aitwaye Matimbwa alizitazama, akauliza kwa nia njema kabisa zitapigwaje. Katika miezi yote minane hakuna aliyekumbuka kwamba ngoma hupigwa, na kwamba atakayeipiga hii atakuwa amempiga Mlezi Mkuu usoni. Matimbwa akahamishiwa kituo cha kupima mvua, katika wilaya isiyonyeshewa, na Wizara ikatoa waraka mfupi: Ngoma hazipigwi. Ngoma huheshimiwa.

Tangu hapo kipindi cha muziki kiliendeshwa kwa utaratibu mmoja nchi nzima. Mwalimu aliitoa ngoma kabatini, akaiweka juu ya kiti. Watoto wakasimama, wakasema, "Shikamoo, ngoma." Mwalimu akaitika marahaba kwa niaba yake. Kisha watoto walikaa hatua tatu mbali nayo, mikono mapajani, wakaitazama kwa robo saa, ngoma ikarudishwa kabatini. Taarifa za Wizara zilionyesha kwamba kiwango cha muziki kwa watoto wadogo kilikuwa kinapanda mwaka hadi mwaka.

*

Ili kuhakikisha kinapanda, palikuwa na Idara ya Tathmini na Uboreshaji wa Muziki wa Awali, yenye maofisa arobaini na mmoja. Miongoni mwao alikuwemo msichana mmoja aitwaye Nyamizi, aliyetoka chuo cha ualimu mwaka uliotangulia. Nyamizi alikuwa na haya. Akiulizwa jambo alijibu akitazama viatu vyake, tena kwa sauti ndogo kiasi kwamba kwenye usaili wa kazi walimwomba arudie mara tatu, na mara ya tatu wakampa kazi, kwa maelezo kwamba sauti yake iko ndani ya kiwango.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye chekechea akijaza fomu. Fomu iliuliza kama ngoma ina mkwaruzo. Iliuliza kama tabasamu linaonekana vizuri kutoka mlangoni, na kama watoto wanapumua kwa pamoja. Chekechea ambayo ngoma yake ilikuwa bado ndani ya nailoni ya kiwandani ilipata daraja la Dhahabu. Chuoni Nyamizi alifundishwa kwamba mtoto huyajua mapigo kabla ya kuyajua maneno, na kwamba anayenyimwa kupiga atapiga tu, kwa kijiko au kwa kisigino. Hayo hayakuwa na mahali pa kuandikwa kwenye fomu, naye akayakunja moyoni, akaendelea kuhesabu mikwaruzo.

Hivyo ndivyo alivyofika Mlimatope.

*

Mlimatope palikuwa makazi ya watu waliohamishwa kutoka Bondeni ulipojengwa uwanja wa sherehe. Chekechea yake ilikuwa chumba cha mabati, na mwalimu wake alikuwa mama wa makamo, mnene, asiye na haraka, aitwaye Stumai. Nyamizi alisikia ile chekechea kabla hajaiona. Alipochungulia dirishani aliwaona watoto ishirini na saba wamekaa duara wakipiga madumu ya mafuta, ndoo na sufuria mbovu, na ngoma ya serikali iko juu ya kabati imefunikwa khanga.

Alitakiwa na sheria kupuliza filimbi. Badala yake alimwamkia Mwalimu Stumai, akaomba kigoda akae.

Baada ya muda Stumai akaanza kuita majina. Watoto waliitika mmoja mmoja. Alipofika kwenye jina la Sikudhani, hakuna aliyetamka neno, ila katoto kamoja kembamba kenye nywele za kusuka kalipiga dumu lake: moja, moja, halafu tatu za harakaharaka. Stumai akaweka tiki, akaendelea. Baadaye katoto kale kale kakapiga mapigo mengine mawili mazito, na mwenzake akainuka akamletea kikombe cha maji.

Nyamizi aliuliza, naye Stumai akamweleza huku akipepeta mchele wa uji. Siku walipovunjiwa nyumba kule Bondeni, Sikudhani alikuwa na miaka mitatu, yuko ndani anakunywa uji. Dereva wa tingatinga alikuwa mstaarabu. Alizima injini, akamsubiri mtoto amalize kikombe, ndipo akaendelea na kazi. Wizara ilimpa cheti. Mtoto hajasema neno tangu hapo, ila siku moja alilivuta dumu, akaligonga, na Stumai akaanza kumsikiliza. Sasa mapigo yake yanajulikana na darasa zima: la maji, la choo, la tumbo kuuma, la kumchukia mwenzake Shukurani, na moja la usiku alipoota vibaya. Wengine walijifunza kumwelewa ndani ya wiki moja. Hakuna aliyewaamuru.

Tatizo lilikuwa Sheria ya Kuitika. Mtoto akitimiza miaka sita alifanyiwa usaili wa darasa la kwanza, na asiyeitika jina lake kwa mdomo alipelekwa Kituo cha Wasioitika, huko milimani, ambako wazazi waliruhusiwa kwenda kuwaona mara moja kwa mwaka, kwa kupitia kioo, ili wasiwachanganye. Sikudhani alibakisha miezi miwili.

"Mimi sikuombi uongo, mwanangu," Stumai alisema. "Umemsikia mwenyewe. Andika tu kwamba anaitika."

*

Nyamizi aliandika kurasa nne nyuma ya fomu. Hakuwahi kuandika kitu kwa ushujaa namna ile. Aliandika kwamba mtoto huyu hasemi kabisa, lakini anaitika kwa mapigo, kwa akili na kwa usahihi. Aliandika kwamba muziki umemfanyia kile ambacho hakuna daktari aliyekifanya. Akamalizia kwa mapendekezo: watoto waruhusiwe kupiga.

Siku ya tatu aliitwa na Mkurugenzi, Daktari Chaurembo, bingwa wa muziki aliyepata udaktari wake kwa utafiti kuhusu kimya kilichoko kati ya noti mbili. Nyamizi alikwenda ameshaaga wenzake. Alimkuta Mkurugenzi amesimama, amezungukwa na manaibu wake wanne, na wote wanatabasamu.

Daktari Chaurembo alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi, na kwa kawaida alisoma mstari mmoja tu wa kila taarifa, ule uliokuwa karibu na kidole gumba chake. Safari hii kidole kilikuwa juu ya maneno "mtoto huyu hasemi kabisa".

"Hasemi kabisa," alirudia, macho yamemlegea kwa raha. "Halii?"

Nyamizi akaviambia viatu vyake kwamba halii.

"Haulizi maswali?"

Akaviambia kwamba haulizi.

"Mnaona," Mkurugenzi aliwaambia manaibu. "Miaka sita tunatathmini, miaka sita tunaboresha, na matokeo yalikuwa yamekaa Mlimatope. Mtoto aliyekamilika."

Zilibaki wiki mbili kabla ya Sikukuu ya Malezi, ambapo Mlezi Mkuu angekagua maendeleo ya muziki wa watoto. Idara ilikuwa imetengeneza ngoma kubwa kuliko zote, yenye uso mpana kama mlango wa gereji, lakini ilikuwa haijapata mtoto wa kumkalisha mbele yake. Watoto wote waliojaribiwa walipiga chafya au waliita mama zao.

Nyamizi alikusanya nguvu akajaribu kueleza habari ya mikono. Alieleza kwamba mtoto huyu anasema kwa mikono, na kwamba akiwekwa mbele ya ngoma ataipiga, kwa kuwa huko ndiko kusema kwake. Manaibu wakatazamana. Mkurugenzi akamwekea mkono begani kama baba.

"Binti, mikono ni suala la kiutendaji. Utalishughulikia wewe."

Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akamweleza pande zote mbili. Mtoto akitulia, ataingia darasa la kwanza kwa amri maalumu, bila usaili, na faili lake litafungwa. Mtoto akimgusa Mlezi Mkuu usoni hadharani, yeye atakwenda Kituo, na ishirini na sita waliojifunza kumwelewa watakwenda pamoja naye, kwa kuwa ugonjwa huo unaonekana unaambukiza.

*

Kamati ya Mikono ilikaa siku mbili. Mjumbe mmoja alipendekeza glovu za pamba, akaambiwa pamba nayo ina kishindo. Mwingine alipendekeza gundi, wakasema itachafua kiti. Mwishowe walikubaliana juu ya utepe wa hariri wenye rangi za bendera, upana wa vidole viwili, wa kufungia mikono nyuma ya mgongo bila kuumiza. Waliujaribu kwa Naibu wa Kwanza. Alikaa nao kutwa nzima, akala chakula cha mchana kwa kulishwa, na jioni akatoa ushahidi kwamba anajisikia mzalendo kuliko asubuhi.

Nyamizi aliupeleka utepe Mlimatope ndani ya bahasha. Alimweleza Mwalimu Stumai yote, bila kuficha hata neno, na Stumai alisikiliza huku akiosha vikombe. Alipomaliza vyote ishirini na saba alivifuta kimoja kimoja, akavipanga.

"Kule Kituoni," aliuliza, "huwa wanarudi?"

Nyamizi alisema hajawahi kuona fomu ya kurudi.

"Basi mfunge. Lakini umwambie mwenyewe unamfanyia nini. Mimi nimetafuta maneno tangu ulipoanza kusema, sijayapata."

Hata Nyamizi hakuyapata. Alichuchumaa mbele ya Sikudhani, akatabasamu, akamwonyesha utepe jinsi ulivyo mzuri, na mtoto akaupapasa, akaupenda. Idara ilikuwa imeleta redio ya kaseti yenye ngoma za bendi ya polisi. Mazoezi yalikuwa mepesi. Ngoma zikianza tu, Nyamizi alisema, "Mgongo, mama," akamgeuza, akaikutanisha mikono, akafunga. Ngoma zikiisha alimfungua, akampa biskuti.

Siku ya kwanza Sikudhani alidhani ni mchezo, akapiga kwa miguu. Idara ikaleta zulia. Siku ya pili alitikisa kichwa, na shanga za nywele zake zikalia. Idara ikamnyoa. Siku ya tatu, wakati Nyamizi anaikutanisha ile mikono midogo, vidole viligonga kiganja chake: mara mbili, kwa uzito. Nyamizi alikuwa ameshajifunza. Alijua kwamba mtoto anaomba maji. Akamaliza kukaza fundo kwanza, kwa kuwa bendi ilikuwa tayari imeanza, halafu akaenda kuchota.

Siku ya nane vidole havikugonga kitu. Ngoma zilipoanza Sikudhani aligeuka mwenyewe.

Nyamizi aliandika katika taarifa yake ya siku: maendeleo ni mazuri. Usiku hakuweza kula, lakini hapakuwa na sehemu ya kuandika hilo, na watoto ishirini na saba walikuwa wazito kuliko chakula chake. Alijirudia hivyo mpaka akalala.

*

Sikukuu ya Malezi ilifana. Uwanja ulijaa, kwa kuwa milango ilifungwa kwa nje. Sikudhani alikalishwa kwenye kiti chekundu katikati ya majani, hatua chache kutoka mahali lilipokuwa jiko la mama yake, na mbele yake ukasimamishwa ule uso wenye meno makubwa kama matofali.

Daktari Chaurembo alishika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Mataifa mengine yamewafundisha watoto wao kelele, wakaita muziki. Sisi tumekwenda hatua moja mbele zaidi. Mtoto mnayemwona hapa hakutamka, hakutikisika, hakuomba. Yuko ndani ya muziki kabisa, na muziki uko salama kwake!"

Bendi ikapiga. Mlezi Mkuu aliteremka jukwaani, akasimama karibu na kiti, akautazama uso wake mwenyewe kwa dakika tisa. Halafu akamtazama mtoto, na mtoto akamtazama yeye, na hapo tu Nyamizi, aliyekuwa amejificha nyuma ya kapu la maua, aliona mabega madogo yakijaribu kitu, yakaacha. Mlezi Mkuu alitokwa na machozi. Alisema katika maisha yake hajasikia wimbo mzuri kama huo. Aliugusa utepe, akauliza kazi yake ni nini, na Mkurugenzi akajibu kwamba ni mapambo.

Kwa kuwa Mlezi Mkuu alipenda yale mapambo, kabla ya jua kuzama waraka ulikuwa umetoka: watoto wote wa chekechea wapambwe. Daktari Chaurembo akawa Naibu Waziri. Nyamizi akapewa daraja la kwanza na begi la ngozi, na kazi ya kuzunguka nchi nzima akiwafundisha walimu fundo lenyewe, ambalo katika mwongozo liliitwa kwa jina lake. Mlimatope waliletewa tepe ishirini na saba na kibao cha Dhahabu cha kutundika mlangoni. Madumu yalichukuliwa na gari la takataka.

Na amri maalumu ikatekelezwa sawasawa, kwa kuwa Nchi Yetu haikuwa nchi ya kuvunja ahadi. Hakuna mtoto hata mmoja wa Mlimatope aliyepelekwa milimani. Sikudhani aliingia darasa la kwanza akiwa na sare mpya, soksi nyeupe, na faili lililofungwa.

*

Muhula wa pili Nyamizi alipangiwa kutathmini shule hiyo. Alikuwa ameacha kutazama viatu vyake, kwa kuwa sasa watu walitazama vya kwao alipoingia. Hata hivyo alipofika mlangoni mwa darasa la kwanza alisita. Alikuwa amenunua dukani kwa fedha yake ngoma ndogo ya kuchezea, ya bati, isiyo na uso wa mtu yeyote, ameificha ndani ya begi. Alitaka kumpa kwa siri, amwone akisema kitu chochote, hata kwamba anamchukia.

Hakupata nafasi ya kuitoa.

Kwenye barabara ya pale shuleni ilipita harusi. Lori lilikuwa limebeba wapiga tarumbeta, nyuma yake wanawake kwa vijana wanacheza, na ngoma za kweli, za ngozi tupu, zinapigwa na watu waliolowa jasho. Mabati ya darasa yalitetemeka. Watoto waliotoka chekechea zenye tepe waligandamana na madawati yao. Mwalimu wa darasa alimtazama Nyamizi kwa hofu, maana harusi haikuwemo kwenye fomu.

Sikudhani alikuwa dawati la mbele. Aliinua kichwa, akasikiliza. Kitu kilimpita usoni, na Nyamizi alishika ukingo wa meza. Kisha mtoto akateremka kwenye benchi bila haraka, akamsogelea, akampa mgongo, akaipeleka mikono yake nyuma, akaikutanisha.

"Hapana, mama," Nyamizi alinong'ona akipiga magoti. "Leo hatufungi. Ni harusi tu. Cheza, mama. Piga."

Alimtenganisha mikono. Mikono ikarudi. Akaitenganisha tena, akaiweka kwa nguvu juu ya dawati, akaigongesha yeye mwenyewe kwenye ubao, moja, moja, tatu za harakaharaka, mpaka mtoto akaanza kutetemeka mwili mzima, akajichomoa, akageuka tena. Ngoma zilikuwa zimefika usawa wa dirisha. Sikudhani alimtazama kwa juu ya bega, kwa macho ya mtu anayecheleweshwa na mkubwa asiyejua kazi yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kile kikombe cha uji, alifungua mdomo.

"Nifunge," alisema. "Fanya haraka, zinakuja."

Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya mtoto aliyeamka sasa hivi. Mwalimu wa darasa alibubujikwa na machozi ya furaha, akakimbia kumwita mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akapiga simu Wizarani, na Wizara ikatangaza siku ile ile kwamba kwa mara ya kwanza katika historia ya Nchi Yetu mtoto bubu amesemeshwa na muziki.